PAKA WA NYUMBA HAINGWA
Historia Fupi ya Paka, Jiko na Meza

Miongoni mwa kesi za nyumbani zisizokwisha, moja ni kesi ya paka na kitoweo. Samaki amekwisha kukaangwa, mpishi amegeuka kidogo kutafuta chumvi, na akirudi hukuta kipande kimepungua na paka yu juu ya meza akijilamba masharubu. Kelele hupigwa, ufagio hurushwa, na mara nyingi mtoto aliyeambiwa alinde chakula hupata fungu lake la adhabu. Kesho yake kesi huanza upya, na mshtakiwa ni yule yule.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa historia. Sisi hatuoni hivyo. Jiko ni mahali ambapo chakula cha familia huokolewa au hupotea, na mambo ya jikoni yana maneno yake, vyombo vyake na sheria zake za kale. Katika makala haya tunakusudia kufuata mgogoro huu tangu ghala za nafaka za kwanza hadi majiko ya siku hizi, tukitafuta jibu la swali moja: watu wa zamani, ambao hawakuwa na friji wala makabati ya kufungwa kwa ufunguo, waliwezaje kuishi na paka bila ya kunyang'anywa chakula? Jibu tutakaloliona ni kwamba waliofaulu hawakumtegemea paka ajizuie. Walikifungia chakula njia, na paka naye walimpa haki yake.

Chanzo cha urafiki

Paka hakuingia nyumbani kwa kukamatwa kama ng'ombe au mbuzi. Wataalamu wa mambo ya kale wanaeleza kwamba watu walipoanza kulima na kuweka akiba ya nafaka, panya walifuata nafaka, na paka pori akawafuata panya. Mwaka 2004 wachimbuzi wa Kifaransa walitangaza habari za kaburi lililofukuliwa katika kisiwa cha Cyprus, lenye umri wa miaka 9500 hivi, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Basi yule alivushwa baharini kwa chombo. Mwaka 2007 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba paka wa nyumbani duniani kote wametokana na paka pori wa jamii ya Mashariki ya Karibu na Afrika, ambao ndugu zao wangali wakiwinda katika mbuga zetu hadi leo.

Habari hii ina maana kubwa kwa kesi yetu. Mbwa ametokana na mnyama wa kundi, mwenye mkubwa wa kumtii. Paka ametokana na mwindaji wa peke yake, anayepanda mahali pa juu ili aone mbali na ajiepushe na hatari, na ambaye hula vipande vidogo vidogo mara nyingi kwa siku. Mnyama wa namna hii akiona meza yenye harufu ya samaki, huiona kuwa kilima chenye mawindo. Makatazo tunayoyasoma sisi katika meza hiyo, yeye hayasomi.

Paka aliye chini ya kiti

Ushahidi wa kale wa paka penye karamu tunaupata Misri. Katika kaburi la Nakht huko Thebes, lililochorwa miaka 3400 hivi iliyopita, mume na mke wamekaa mbele ya vyakula vya sadaka, na chini ya kiti yuko paka anayemtafuna samaki wake mwenyewe. Katika kaburi jingine la huko huko, paka amefungwa kamba kwenye mguu wa kiti. Wachoraji wale hawakuwa na nia ya kutufundisha malezi ya paka, lakini wametuachia njia mbili zilizo wazi: kumpa fungu lake chini, au kumfunga asifike juu. Watu wale wale, kwa habari aliyoiandika Herodotus katika karne ya 5 kabla ya Kristo, walinyoa nyusi zao paka wa nyumba alipokufa. Heshima hiyo yote haikuwazuia kumwekea mpaka.

Kinywa cha paka katika sheria

Kwa wakazi wa Pwani, na kwa jamii za Waislamu walioko bara, suala la paka na chombo cha chakula lilipata uamuzi wa kisheria mapema sana. Imepokewa, katika Muwatta wa Imamu Malik na katika vitabu vingine vya Hadithi, kwamba sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe. Mke wa mwanawe alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaozungukazunguka kwetu majumbani. Sahaba mwingine, mpokezi mashuhuri wa Hadithi, amejulikana daima kwa lakabu ya Abu Huraira, yaani baba wa kijipaka. Pia imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka bila ya kumlisha wala kumwacha akajitafutie mwenyewe.

Lakini pamoja na upole huo, imepokewa amri nyingine: usiku ukiingia, funikeni vyombo na fungeni viriba. Tukiziweka habari hizi pamoja tunaona mpango kamili. Paka haaibishwi kwa kinywa chake, wala haruhusiwi mtu kumtesa kwa njaa. Na wajibu wa kukilinda chakula amewekewa binadamu, kwa kufunika. Mtu aliyeacha chungu wazi hawezi kumpeleka paka mbele ya kadhi.

Kawa, susu na utaa

Sasa na tuingie katika jiko la Pwani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba wenyeji walipakua wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mti, na vitoweo vikawekwa juu yake. Kula kwa jinsi hii, watu wakiizunguka sahani moja, kumedumu katika sinia na chano za Waswahili. Mkeka ulitandikwa, sinia ikawekwa katikati, na wote wakakaa chini. Jikoni nako, mara nyingi uani, chungu kilikaa juu ya mafiga matatu, na mpishi alikaa juu ya kibao au kigoda. Kazi karibu zote zilifanyika chini.

Msomaji ataona mara moja kwamba katika jiko la namna hiyo paka hakuwa na haja ya kuruka. Chakula kilikuwa usawa wa pua yake. Hata neno lenyewe meza tumelipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Na kosa la kupanda mezani haliwezi kuwa na umri kuupita umri wa meza. Waungwana wa zamani walikuwa na tatizo gumu zaidi kuliko letu, na walilitatua kwa ufundi wa mikono.

Kwanza palikuwa na vifuniko. Chungu kilifunikwa kwa kibia au mkungu, vifuniko vya udongo vyenye uzito wa kutosha. Sinia iliyokwisha kupakuliwa ilifunikwa kwa kawa. Hii ni pia kubwa iliyoshonwa kwa ukili wa mkindu au mwaa, mara nyingine kwa nakshi za rangi, nayo hukifunika chakula bila ya kukigusa. Umbo lake la mlima lina faida: mvuke hupata nafasi, nzi na vumbi huzuiwa, na juu yake hapana mahali pa mnyama kukaa. Hata hivyo kawa ni nyepesi. Paka mwenye njaa na subira huweza kuisukuma kwa kichwa mpaka ikapinduka, na kwa hiyo kawa ilifaa kwa muda mfupi, baina ya kupakua na kula.

Kwa akiba ya usiku palikuwa na susu. Susu ni chombo cha kamba zilizofumwa, kinachoning'inizwa kutoka kwenye boriti, na ndani yake huwekwa chungu au bakuli la kitoweo. Hapa ndipo tunapostaajabia akili ya wazee. Paka hupanda kila kitu kilichosimama imara: ukuta, nguzo, rafu, kabati. Kitu kinachoning'inia na kuyumba katikati ya chumba hakimpi mahali pa kukanyaga. Panya naye, akishuka kwa kamba, huwa katika hatari ya kuonwa na paka aliye chini. Hivyo susu ilimzuia mwizi mmoja na kumweka mwizi huyo huyo kuwa mlinzi dhidi ya mwizi wa pili.

Tatu palikuwa na utaa, jukwaa la miti lililojengwa juu ndani ya nyumba, aghalabu karibu na moto, kwa kuwekea nafaka na vitu vinavyopenda ukavu na moshi. Huko paka hakukatazwa, huko alitakiwa. Panya mweusi, aliyeletwa kutoka Asia kwa majahazi, ameacha mifupa yake Unguja Ukuu tangu zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na nyumba isiyokuwa na paka iliwalisha panya kwanza na watoto baadaye. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala, na usemi huo kwa mwenye ghala ulikuwa hesabu ya pishi na vibaba.

Kutokana na mpango huu wote twaweza kuielewa methali tuliyoifanya kichwa cha makala: paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza, kama wanavyoinga ndege shambani walinzi wa mtama na mpunga. Methali hutumika kwa mtu wa ndani, ambaye hawezi kutendewa kama mgeni mvamizi. Lakini isingaliweza kutungwa katika nyumba isiyojua kufunika. Ni mwenye kawa na susu tu anayeweza kumwacha paka akae penye mkeka bila ya kumwinga.

Bara na ziwani

Kiswahili kilipofuata njia za misafara hadi Tabora, Ujiji na Kasongo katika karne ya 19, na baadaye kikajenga mitaa yake kama Buyenzi katika mji wa Bujumbura, vilisafiri pia baadhi ya vyombo na desturi za Pwani. Lakini bara halikuwa likingojea kufundishwa kufunika. Katika Rwanda na Burundi wanawake wamesuka tangu zamani vikapu vyenye kifuniko kirefu kilichochongoka, ambavyo Wanyarwanda huviita agaseke. Na kikapu hicho kimetiwa katika nembo ya taifa la Rwanda. Atazame mtu kifuniko cha agaseke kisha aitazame kawa ya Pwani. Ataona kwamba mikono iliyokuwa mbali mbali ilifikia umbo moja. Katika Uganda, matoke ya Waganda hufungwa ndani ya majani ya mgomba, yakapikwa na kutunzwa humo humo. Jani ndilo sufuria na ndilo mfuniko.

Kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika mgogoro una sura yake. Ndagala waliovuliwa usiku walizoea kuanikwa mchangani, na huko kuku, mbwa na paka hawakuhitaji mwaliko. Katika miaka ya 2000 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliwahimiza wavuvi wa Burundi kuanika samaki juu ya vichanja vya wavu vilivyoinuliwa mita moja hivi. Samaki hukauka upesi kwa kupata hewa juu na chini, huwa safi bila ya mchanga, na mwenye mali huona kwa urahisi anayemkaribia. Hapa napo paka hakufundishwa lolote. Samaki ndiye aliyehamishwa.

Paka wenye mshahara

Tukienda Ulaya tunamkuta paka akihesabiwa kama mtumishi. Sheria za Wales, zinazohusishwa na mfalme Hywel Dda wa karne ya 10, zilimpangia bei: peni moja tangu kuzaliwa hadi kufumbua macho, peni mbili mpaka aanze kuua panya, na peni nne baada ya hapo. Hesabu za kanisa kuu la Exeter, Uingereza, zinaonyesha malipo ya peni moja kwa wiki kwa ajili ya paka katika karne za 14 na 15, na mlango wa kale wenye tundu la kupitia paka upo mpaka leo. Mwaka 1868 Posta ya London iliajiri paka watatu kwa shilingi moja ya chakula kwa wiki, na wakubwa wakasisitiza kwamba kilichopungua paka wakitafute wenyewe katika panya.

Ubahili huo ulitokana na imani iliyoenea pande nyingi za dunia, kwetu pia, kwamba paka mwenye njaa ndiye mwindaji hodari. Imani hiyo imekanushwa. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1976, paka waliokuwa wakila chakula wakipendacho waliacha sahani zao wakaenda kumwua panya, kisha wakarudi kuendelea kula. Kuwinda na kushiba kwa paka ni mambo mawili mbali mbali. Basi anayemnyima paka chakula ili awinde hapati mwindaji bora. Anapata mwindaji yule yule, pamoja na mwizi wa jikoni.

Na wizi huo umeacha kumbukumbu zake. Mchoraji Mfaransa Chardin alionyesha mwaka 1728 picha mashuhuri ya taa, samaki yule mpana, aliyetundikwa jikoni. Na chini yake, juu ya meza, paka mchanga amekunja mgongo, miguu imekanyaga chaza. Hata meza za wasomi hazikusalimika. Katika hati moja iliyoandikwa Dubrovnik mwaka 1445 zimebaki alama za nyayo za paka aliyekanyaga wino. Huko Deventer, Uholanzi, mwandishi mwingine wa karne hiyo alikuta ukurasa wake umekojolewa usiku. Akamlaani paka, lakini akaongeza onyo kwa wenzake kwamba wasiache vitabu wazi usiku mahali paka wanapofika. Hata yeye, katika hasira zake, alimalizia kwa shauri la kufunika.

Meza ndefu ya siku hizi

Mabadiliko makubwa yamekuja katika karne ya 20. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alisanifu jiko la nyumba mpya za mji wa Frankfurt, Ujerumani, na majiko kama 10,000 yakajengwa kwa mfano huo. Nia yake ilikuwa njema: kumpunguzia mama wa nyumbani hatua na uchovu. Meza ya kazi, karo la kuoshea na makabati vilipangwa pamoja, katika kimo cha mtu anayefanya kazi. Jiko la mtindo huo limeenea duniani, na leo tunaliona katika nyumba mpya za Kampala, Kigali na Bujumbura.

Jiko hili limempunguzia mpishi kuinama, lakini limempa paka barabara. Ubao wa kazi sasa umeungana tangu jiko mpaka dirishani, uko juu, una joto, una harufu, na mara nyingi ndiyo njia fupi ya kutazama nje. Wakati huo huo, kwa kuwa tuna friji na kabati, tumeacha mazoea ya kufunika. Tumeinua chakula na kukivua nguo. Kisha tunashangaa kwamba paka amepanda.

Liko jambo la afya ambalo wazee hawakuweza kulijua. Kijidudu cha toksoplasma kiligunduliwa Tunis mwaka 1908, lakini ni karibu na mwaka 1970 tu ndipo wataalamu walipothibitisha kwamba hukamilisha maisha yake ndani ya matumbo ya paka na kutoka kwa kinyesi. Kwa mama mjamzito anayekipata kwa mara ya kwanza, kijidudu hiki huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Tusizidishe hofu: kwa kawaida paka hukitoa kwa wiki chache tu katika maisha yake, na watu wengi hukipata kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Hata hivyo, kinywa cha paka kina ruhusa yake ya kale, lakini nyayo zake zimetoka kufukua mchanga. Ubao wa kukatia mboga na uoshwe kila mara kabla ya kazi.

Tunajifunza nini?

Historia hii inatupa mafunzo manne ya kutumia. Kwanza, chakula kisikae wazi, hata kwa muda wa kuchukua chumvi. Paka aliyefaulu mara moja atajaribu mara mia. Pili, paka alishwe kidogo kidogo kwa saa zinazojulikana, mahali pake, hasa kabla ya familia kula. Tatu, apewe mahali pengine pa juu pa kukaa, karibu na dirisha, maana haja ya kupanda hakuitunga yeye. Nne, fimbo iachwe. Paka aliyepigwa hajifunzi kwamba meza ni haramu. Hujifunza kwamba meza ni hatari mwenye fimbo akiwapo, na kwa hiyo husubiri aondoke. Kwa sababu hiyo hiyo tunasema kwamba mtoto aliyeachwa kulinda chungu kisichokuwa na kifuniko asiadhibiwe. Amepewa kazi ya kibia.

Mwisho tuna neno kwa walimu wenzetu. Maneno kawa, susu, kibia na utaa yamehifadhiwa katika kamusi, lakini wanafunzi wetu wengi wa bara hawajapata kuviona vitu vyenyewe, na hata Pwani sufuria za madini na plastiki zimechukua nafasi. Neno likikosa kitu chake hubaki jivu. Tunashauri kwamba mwalimu anapofundisha vyombo vya jikoni asitosheke na kutoa maana. Awaombe wanafunzi wawaulize bibi zao jinsi walivyokilinda kitoweo cha usiku, na katika lugha gani. Wakirudi na majina ya Kirundi, ya Kinyarwanda, ya Kiganda au ya Kibembe, yaandikwe ubaoni kando ya yale ya Kiswahili. Kisha darasa zima na lijaribu kuisuka susu moja kwa kamba za katani au za migomba, iningizwe darasani, na ndani yake iwekwe bakuli. Neno hilo halitasahauliwa tena, na paka wa shule atakuwa na jambo la kutazama.